Kwa Wanangu Saba Mtakaosoma Miswada

Magomeni, Dar es Salaam

Wanangu,

Marahaba. Najua mmeniamkia, hata kama mabasi ya Barabara ya Morogoro yameimeza sauti.

Kijana mliyemtuma aje kuniomba niwe mwenyekiti wa kamati yenu ya mashindano ya kuandika tamthiliya nilimkatalia, na nimesikia mmenuna. Macho yangu hayaiwezi tena miswada 112. Mdomo bado upo, kwa hiyo nimeona niwaandikie, tena hadharani, maana watunzi wanaosubiri majibu yenu nao wana haki ya kujua wanasomwaje.

Tuanze na hesabu. Miswada 112, kila mmoja usomwe na watu wawili, ninyi mko saba: kila mtu anabeba 32. Muswada mmoja ukisomwa kwa haki unakula saa moja na nusu. Hizo ni saa 48, nanyi mchana mko kazini, usiku feni imezimika na haijulikani umeme utarudi lini. Msisome zaidi ya mitatu kwa siku. Wa nne hulipishwa madeni ya wa tatu. Mimi nimewahi kumnyima mtu alama kwa sababu maharage yaliungua jikoni nikiwa katikati ya onyesho lake la pili. Nilimkasirikia yeye, masikini, wala hakuwa amewasha jiko.

Sasa jambo lenyewe.

Nyote mmepita kidato cha nne, na wengi wenu cha sita. Mmefundishwa kuipasua tamthiliya kama chura wa maabara: fani huku, maudhui kule, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, methali ngapi, tashibiha ngapi. Watunzi wenu wamepita humohumo. Ndiyo maana miswada mingi itakayowafikia imeandikwa kwa ajili ya mtihani. Utaona kabisa mahali mtunzi alipopanda methali ili mwanafunzi aje kuichuma. Utaona mhusika anayeitwa kwa tabia yake, ili asikusumbue kumfikiria. Na ninyi, kwa kuwa mlifaulu mtihani ule, mikono yenu itavutwa kuipa alama za juu. Nawaomba kisu hicho mkiweke chini, angalau mnaposoma mara ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu nimeumia.

Miaka mingi iliyopita niliketi kwenye kamati kama yenu. Nilikuwa nimekwisha kushona maleba ya waigizaji, nimeigiza, nimeongoza, najiona najua. Ukaja muswada ulioandikwa kwa kalamu ndani ya daftari la shule, herufi zimelala kama mpunga uliopigwa na mvua. Kisa chake: fundi seremala wa Keko ametengeneza kitanda cha arusi, mteja amelipa nusu, hajarudi kukichukua. Basi. Kitanda kiko pale katikati. Wanafunzi wawili wa fundi wanabishana nani akilalie usiku. Mke wa fundi anakitaka. Anakuja mnunuzi mwingine na fedha taslimu mkononi. Fundi hauzi, wala hasemi kwa nini. Kila anayeingia anakisogelea kitanda zaidi ya aliyemtangulia, anakigusa, anakisifu, na hakuna anayethubutu kukaa. Mpaka ukurasa wa mwisho hakuna aliyekaa. Mtunzi alichanganya r na l. Aliwasahau wahusika wawili jukwaani tangu onyesho la kwanza, wakabaki wamesimama tu kama nguzo za umeme. Na mwisho hakuuandika: mchezo ulikatika njiani, kama mtoto aliyeitwa na mama yake.

Tulimpa 4 kati ya 10. Pembeni niliandika kwa mkono wangu: dhamira haieleweki.

Aliyeshinda alileta muswada uliopigwa chapa, Kiswahili kimenyooka, kijana mlevi, baba mkali, mama wa machozi, na mjumbe wa nyumba kumi aliyeingia mwishoni kutuhutubia. Siku uliposomwa mbele ya watu niliacha kutazama wasomaji, nikawatazama watazamaji. Walikuwa wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Usiku ule nililala nikikiwaza kile kitanda. Mwenye daftari hakuja kulichukua, na anwani aliyotuachia ilikuwa sanduku la posta la shule aliyokwisha kumaliza. Daftari ninalo hadi leo, chini ya cherehani.

Nini nilikosa? Nilitafuta ujumbe, nikakiruka kitanda.

Chukueni mchezo mnaoujua wote, Ngoswe wa Edwin Semzaba. Mtihani ukiuliza, mtajibu kwamba mapenzi yalimfanya mtumishi azembee kazi, na mtapata maksi zenu. Lakini zikumbukeni zile karatasi za sensa. Tangu karani anapofika nazo kijijini, mtazamaji anazijua: ni kazi ya serikali, ni jasho la siku nyingi, na ni karatasi, zinaungua. Mzee Mitomingi, baba wa binti anayependwa na karani, anapozitia moto huhitaji mtu wa kukufafanulia. Ukiuondoa ule moto, kinachobaki unaweza kukisema kwenye semina.

Au Kinjeketile. Ebrahim Hussein alikuwa hajatimiza miaka thelathini mchezo ule ulipoonyeshwa Chuo Kikuu pale Mlimani mwaka 1969. Kisa kila mtu alikijua: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na maji hayakuzuia risasi. Mtu anakaaje kitini kutazama habari ambayo mwisho wake anaujua? Anakaa kwa sababu Kinjeketile, aliyewapa watu neno la maji, ndiye anayeanza kulitilia shaka, na watu wameshalichukua, wamekwenda nalo, yeye hana tena uwezo wa kuwanyang'anya. Hapo waigizaji wana kazi ya kufanya hata kama kurasa hizo zingeandikwa kwa Kiswahili kibovu.

Kwa hiyo ukimaliza muswada, ufunge. Usiandike alama. Nenda kachote maji, kamwagilie maua, kisha jiulize macho yako yamebaki na nini. Kama umebaki na sentensi tamu tu, huenda mtu huyo ni mshairi, mwelekezeni kwa washairi. Kama umebaki na mtu amesimama mlangoni akiwa na sufuria na haingii, urudie muswada huo, hata kama kurasa nyingine zote zilikuchosha.

Na msome kwa sauti. Mwenye nyumba akiuliza, mwambieni mko kazini. Chukua kurasa tano, funika majina ya wahusika kwa kipande cha karatasi, mwombe mwenzako asikilize. Asipoweza kumtofautisha baba na binti, ujue humo ndani anasema mtu mmoja tu, naye ni mtunzi. Lugha yetu inampa mtunzi silaha ambayo wengi hawaioni. Umri na heshima vimo ndani ya salamu. Binti anayeingia na kusema "Za hapa?" kwa baba yake, shikamoo ameiacha nje na viatu, tayari ameanzisha vita na hakuna aliyepaza sauti. Mtunzi anayejua kuificha shikamoo mahali sahihi, mimi namwamini kwa kurasa thelathini zijazo.

Mtakutana na michezo ya semina. Siidharau. Nimeigiza mingi, ya malaria, ya choo bora, ya ukimwi, chini ya miembe na kwenye viwanja vya zahanati, na posho zake zimewasomesha wanangu wa kuzaa. Ilikuwa na kazi yake na iliifanya. Lakini yule muuguzi anayeingia onyesho la mwisho kutueleza tulichokiona, mkimwona kwenye mashindano haya, msikilizeni kwa adabu kisha geuzeni ukurasa muone kama kabla hajaingia palikuwa na mchezo. Mara nyingine upo. Mtunzi aliuandika, akaogopa, akamwita muuguzi. Huyo ni mtunzi, anahitaji tu mtu wa kumwambia amrudishe muuguzi zahanati.

Mtakutana pia na filamu zinazosubiri kamera: maonyesho 41, ndani ya gari, baharini, Kariakoo usiku, gari tena. Hizo zirudisheni bila maneno mengi. Na mlinzi wa Kimasai aliyewekwa ili tucheke anavyotamka maneno, kicheko hicho ni cha mkopo, mtunzi hajakitolea jasho.

Kuna aina moja ya muswada ambayo naomba muisome mara mbili, nayo ni ule mfupi wenye mapengo. Vijana hamkuona, lakini miaka ya 1980 na 1990 kumbi za baa za mji huu zilikuwa zinafurika kwa ajili ya vikundi kama Muungano, na baadaye Tanzania One Theatre (TOT). Jioni moja mlipata ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na mchezo wa kuigiza, na mchezo ule haukuwa na muswada wowote. Waigizaji walikubaliana kisa, wakayatunga maneno palepale, huku mama mmoja kutoka Manzese akiwajibu kutoka kwenye meza yake, nao wakimjibu. Walikosea, walirudia, walichosha pia, siwadanganyi. Lakini walijua lini mtu anyamaze, na elimu hiyo haijafa, imehamia kwa wajukuu. Mjukuu wao atawaletea kurasa 18 tu zenye maneno machache, na msomaji wa haraka atasema haujakamilika. Jiulizeni kwanza: pengo hili mtunzi ameliacha kwa sababu alichoka, au amemwachia mwigizaji? Kama mna muda, liwekeni pengo mbele ya waigizaji wawili kwa nusu saa. Mtapata jibu.

Majina mmeyafuta kwenye miswada, vizuri. Ila mji wetu wa sanaa ni mdogo. Mtu wa Mlimani mtamjua kwa mtambaji wake wa hadithi, na mtu wa chuo cha sanaa cha Bagamoyo mtamjua kwa ngoma inayoingia kila kisa kinapokwama. (Nawatania, nina watoto pande zote mbili.) Ukimtambua mtunzi, sema, mpe mwenzako muswada huo.

Siku ya kikao, mkubwa wenu kwa umri na mkubwa wenu kwa shahada waseme mwisho. Wakianza wao, wengine mtaanza kukumbuka mambo ambayo hamkuyasoma. Na mkishajumlisha alama na kugawa, angalieni vizuri. Muswada uliopata 6 na 6, na muswada uliopata 9 na 3, wastani wao ni mmoja. Wa kwanza hakuna aliyeuchukia. Wa pili kuna mtu alikosa usingizi kwa ajili yake na mwingine alitaka kuutupa, na kamati zinazopenda amani huuacha wa pili zikauchukua wa kwanza. Kila mmoja wenu apewe haki ya kuokoa muswada mmoja, mmoja tu, uingie kwenye miswada 20 ya mwisho bila kura. Asiulizwe alama. Asimame asome kurasa mbili.

Hata hivyo mtakosea. Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, alipoingiza tamthiliya ya Oedipus kwenye mashindano ya Athens, inasemwa alishika nafasi ya pili nyuma ya Philocles, mtu ambaye leo hatuna hata tamthiliya yake moja nzima. Kwa hiyo la muhimu zaidi kuliko orodha yenu ni barua mtakazowaandikia wale wote watakaobaki nje. Mtunzi August Wilson wa Marekani alirudishiwa miswada na kituo cha tamthiliya cha O'Neill kule Connecticut zaidi ya mara moja kabla hawajampokea mwaka 1982, na miaka mitano baadaye akapewa tuzo ya Pulitzer. Alipata pa kurudi. Wetu mara nyingi hupata kimya, na kijana akipata kimya mara mbili anakwenda kuuza vifaa vya simu, na simlaumu. Waandikieni kila mmoja sentensi mbili: ya kwanza imtajie kitu kimoja kilicho hai ndani ya mchezo wake, ukurasa gani, mstari gani. Ya pili imtajie kinachokizuia. Msimwandikie kwamba ushindani ulikuwa mkubwa. Hilo analijua, alikuwemo. Na chukueni namba ya simu ya kila mtu, mbili kama anazo.

Jumamosi baada ya alasiri nipo nyumbani, chai na vitumbua vitakuwepo. Njooni na miswada mitatu mliyogombana juu yake. Ile mliyokubaliana wote iacheni ofisini. Nitalitoa daftari chini ya cherehani. Nataka mmoja wenu mwenye sauti nzito asome fundi, wawili wasome wale wanafunzi. Mke wa fundi nitamsoma mimi.

Bibi yenu wa Magomeni