Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Michango Mikubwa na Mfuko wa Kudumu wa Ada

Ndugu Wanachama,

Awali ya yote nawashukuru mliofika. Shughuli za kawaida za chama chetu cha wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mnazifahamu: bonanza lilifanyika, damu tulichangia, wanafunzi wa mwaka wa mwisho tulizungumza nao Ukumbi wa Nkrumah, na kwenye misiba chama kilifika na rambirambi zake. Hesabu za Mhazini mmegawiwa mlangoni. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo lililosemwa sana kwenye kundi letu la WhatsApp tangu mwezi wa saba, yaani uamuzi wa kuweka shilingi milioni 300 kwenye hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, badala ya kuanza kujenga bweni.

Nianze na fedha zenyewe zilivyopatikana, maana wengi wanaozijadili hawakuwepo zikitafutwa. Nilipokabidhiwa uenyekiti miaka mitatu iliyopita, tulikuwa tunachangisha kama kamati ya harusi: kadi, tangazo kila Ijumaa, na mwisho wa mwaka orodha ndefu ya ahadi ambazo hakuna anayezidai. Niliomba, na Kamati Tendaji ikaridhia, tuunde timu ya watu watano ya kufuatilia michango ya kuanzia milioni 20, nami nikaiongoza mwenyewe. Utaratibu niliouweka ulinung'unikiwa, lakini sikuulegeza. Haendi mtu peke yake kwa mfadhili. Siku ya kwanza haiombwi hata senti. Tunapeleka habari za Mlimani, kampasi kuu ya chuo chetu, na tunasikiliza. Tulichosikia kinaandikwa siku hiyo hiyo, ili atakayekwenda baadaye asimuulize mtu mzima maswali yale yale. Barua ya shukrani inatoka ndani ya wiki, hata kwa aliyetukatalia. Na ahadi haihesabiwi kuwa mapato mpaka fedha isome benki. Kwa utaratibu huo zimeingia milioni 412 katika miaka mitatu. Milioni 112 zimetoka kwa watoaji watano na zimekwenda kwenye vifaa vya maabara na vitabu kama walivyoagiza. Milioni 300 zimetoka kwa mhitimu mwenzetu mmoja aliyeomba asitajwe, na sitamtaja hata nikiulizwa hapa ukumbini.

Huyu nilimfuata kwa gari langu na mafuta yangu, na nasema hivyo kwa kuwa kuna aliyeandika kwamba viongozi wanakula posho za ziara. Siku aliyokubali alitukaribisha ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya ghala, karatasi za mizigo zimejaa mezani. Akafungua droo, akatoa kitambulisho chake cha uanafunzi, picha imefifia hadi uso hauonekani. Akatuambia alikaa bweni la Hall Two mwaka mzima akiwa amebebwa, yaani bila nafasi yake rasmi, godoro lake likiwa sakafuni katikati ya vitanda vya wenzake wawili, na kila asubuhi analikunja na kulisukuma uvunguni. Mjumbe mwenzangu alinitazama, sote tukidhani sasa atasema jengeni bweni. Badala yake akauliza: “Mkishajenga, maji na umeme atalipa nani? Bomba likipasuka mwaka wa tano mtarudi kwangu?” Akasema kilichokaribia kumrudisha kijijini hakikuwa kitanda, ilikuwa ada ya mwaka wa pili. Barua yake ya masharti iko kwa Katibu, kila mwanachama anaweza kuisoma: mtaji usiguswe, faida isomeshe, na fedha iwe imewekezwa kabla ya tarehe 30 Juni.

Wapo waliopiga hesabu ya mabweni ya Magufuli ya pale chuoni. Serikali iliyafungua mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Kitanda kimoja kama milioni 2.6, basi kwa milioni 300 tungepata vitanda 115. Ule ulikuwa mradi wa Serikali, uliojengwa na Wakala wa Majengo, majengo ishirini kwa mpigo. Sisi tungekwenda kwa mkandarasi na jengo moja, kwa bei ya leo ya nondo na saruji. Mkadiriaji majenzi tuliyemwomba ushauri alituambia wazi kwamba fedha ile ingeishia kwenye msingi na nguzo za ghorofa ya kwanza. Nani kati yetu angekubali kupita Barabara ya Chuo Kikuu kila siku akitazama nguzo zile?

Majengo makubwa ya pale yana wenyewe. Maktaba mpya ya mwaka 2018 ilijengwa kwa msaada wa China. Lakini hakuna ubalozi utakaolipa ada ya muhula wa pili ya mtoto wa Sumbawanga. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Hakikungoja kuhamia Mlimani mwaka 1964 ndipo kifundishe. Na wazo la mtaji usioguswa si geni kwetu. Wazee wa pwani waliweka wakfu mashamba ya minazi kwa ajili ya misikiti: mnazi haukatwi, nazi ndiyo inayotumika.

Hati fungani ya muda mrefu hulipa kila baada ya miezi sita. Kwa asilimia 12 ni milioni 36 kwa mwaka. Theluthi tunairudisha kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiule, zinabaki milioni 24. Malipo ya kwanza yameingia Desemba na tumeanza na wanafunzi 15, wale ambao mkopo wa Bodi ya Mikopo hautoshi ada, na kila boom, yaani fedha ya kujikimu, likitoka wanaligeuza ada kisha wanashinda na njaa. Waliosema tungesubiri wakumbuke riba ya hati ya miaka 25 ilivyoshushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56 mwaka 2022. Kusubiri kuna gharama.

Nimeambiwa pia niliamua bila Mkutano Mkuu. Mkutano uliitishwa Juni, kwa tangazo la siku 21. Wanachama kwenye daftari ni 430, akidi ni theluthi moja, yaani 144. Walifika 61. Tulikaa hadi saa nane mchana tukipiga simu, wengine walisema wako njiani, hawakutokea. Katiba yetu inaipa Kamati Tendaji mamlaka ya kuamua jambo la dharura akidi isipotimia, na tarehe ya mfadhili ilikuwa inakaribia. Chakula cha jioni cha Novemba kilikuwa na watu 300 na viti vikaongezwa. Inaniuma, ndugu zangu, kwamba aliyekosa mkutano wa Juni ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote Julai.

Ada ya chama ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Walipaji ni 97, jumla milioni 4.85, tulitegemea 21.5. Hili linatudhoofisha mbele ya wafadhili kuliko mnavyodhani, kwa sababu swali lao la kwanza huwa ni hili: nyinyi wenyewe wangapi mmetoa? Nimelijibu swali hilo mara nyingi nikiwa natazama chini. Kati ya waliopinga uwekezaji kwa maandishi, Mhazini ananiambia wengi wao hawamo kwenye hao 97. Sitawataja.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuongeza watu kwenye timu ya michango mikubwa, kuwafikia wahitimu walioko nje, na kuukuza mfuko kadiri hali itakavyoruhusu. Suala la bweni hatujalifunga. Akipatikana mfadhili mwenye nia hiyo na uwezo wa kulimaliza, tutamsikiliza. Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na namba ya malipo iko nyuma ya ajenda.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti