Keki ya mamangu haikupanda boti

Mhariri,

Mimi ni mtu wa boti, navusha abiria kutoka Mokowe mpaka Lamu mjini na kurudi, na kama kuna mzigo nimebeba sana kushinda hata magunia ya viazi ni keki za bathdei. Zinashuka na basi kutoka Mombasa au Malindi, ziko ndani ya katoni, mwenyewe kanipigia simu mara tano ati "kaka ishike vizuri, isipigwe na jua", nami naipakata kama mtoto mchanga. Lakini jua la kaskazi utalikimbilia wapi, na ukishuka Lamu hakuna gari, ni begani ama mkokoteni wa punda vichochoroni, basi hiyo keki ikifika nyumbani krimu yote imeteremka chini na lile jina lililoandikwa juu halisomeki. Nimewahi kuona keki ya leya tatu ikifunguliwa palepale gatini, imelala upande kama jahazi lililopwelewa. Dada wa watu alilia kweli, na pesa alishatoa.

Sasa mamangu, kitambulisho chake kimeandikwa mwaka tu, 1956, siku wala mwezi hakuna. Yeye husema alizaliwa wakati wa kaskazi, maembe yakianguka. Sisi watoto tukachagua Ijumaa moja ya msimu huo, yakaisha. Wako watakaosema bathdei si mila yetu, sawa, hao wasile. Nikaapa keki ya mamangu haipandi boti, napika mwenyewe.

Nikachukua resipi niliyokuwa nimeikata gazetini, lipi sitasema. Inasema oveni digrii 180, dakika 25, sukari kikombe kimoja, siagi iwe ya joto la chumba. Mhariri, oveni sina. Kikombe, kikombe gani? Huku kuna kile cha kahawa kinachofichika mkononi chote, kuna cha chai, kuna bilauri, na baadaye ndio nikajua hao wenye resipi kikombe chao ni cha Marekani, mililita 240 hivi. Na joto la chumba, chumba cha nani? Changu mimi saa saba mchana siagi imeshaanza kulegea yenyewe, manake siagi haingoji hata digrii 35 kuwa mafuta, na ikishakuwa mafuta haishiki tena hewa ukiipiga na sukari, na ile hewa ndiyo inayosaidia keki kuumuka ikawa laini. Mimi hayo sikuyajua, nikapiga kitu kama uji, nikatia kwenye sufuria juu ya makaa, chini ikaungua juu mbichi, na kila dakika tano nafunua kifuniko nichungulie mpaka ikabonyea katikati. Paka wa Lamu mnawajua wasivyochagua, walikuja wakanusa wakaenda zao.

Aliyeniokoa ni mamdogo. Alicheka kwanza, alicheka sana, kisha akaniuliza, "Mkate wa kumimina umekula miaka yote hiyo, ulidhani unaiva kwa dua?" Yaani kupalia tu! Sufuria kubwa unatia mchanga mkavu wa vidole viwili, ukipata moto unaweka ndani sufuria ndogo uliyoipaka mafuta na kuitandika karatasi, unafunika, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Nusu saa ya kwanza usifunue hata ukiitwa, baada ya hapo unachoma kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva. Kikombe hakutaka hata kukisikia. Alinituma dukani na mayai manne niyapime kwenye mizani, uzito utakaotoka ndio huohuo wa sukari, ndio wa siagi, ndio wa unga, na beking pauda vijiko viwili vya chai. Yakiwa ya kienyeji ni madogo, yakiwa ya kizungu ni makubwa, hesabu inajirekebisha yenyewe. Siagi pia akaniambia niiache nitumie Blue Band, inavumilia joto kidogo. Nikapika baada ya alfajiri kabla jua halijachachamaa, bakuli nimelikalisha juu ya barafu ileile ya samaki (iko ndani ya mfuko, harufu msiogope), nikapika mara mbili, na kila keki nikaikata katikati kwa uzi wa kushonea, unauzungusha pembeni halafu unavuta, inakatika sawa kuliko kisu. Leya nne hizo.

Krimu ya siagi sikuigusa kabisa, hiyo ndiyo inayoaibisha watu gatini. Nilikuna nazi mbili nikakamua tui zito, sukari, iliki, na kornflawa niliyoikoroga kando na tui kidogo la baridi, unapika huku unakoroga mpaka ing'ang'anie mwiko, unaiacha ipoe ndio upake. Leya ya kati nikatia maembe niliyoyapika na sukari na ndimu mpaka yakashikana. Juu nazi ya kukuna niliyoikaanga kavu. Ila tui halilali na joto hili, kwa hivyo nilijaza jioni ileile na baada ya Isha ikaliwa.

Mamangu aliiangalia weee, akauliza, "Hini yatoka chombo gani?" Nikamwambia haikupanda chombo mama, yatoka jikoni mwako. Hakujibu kitu, ila alikuwa kwenye kipande cha pili wajukuu hawajamaliza cha kwanza.

Ombi langu Mhariri ni hili, mkichapisha mapishi ya keki andikeni na ya sisi wa jiko la mkaa, vitu vipimwe kwa uzito, na mseme joto likizidi mtu afanyeje. Wanaojua wapo, hawa kina mamdogo, mtumeni mwandishi akae nao jikoni asubuhi moja tu, nauli ya boti sitamtoza. Ukurasa huo ukitoka naukata naubandika ndani ya boti, abiria wa Mokowe wausome wakingoja tujae.

Mtu wa boti,
Langoni, Lamu