Forge ahead siyo kufoji

Mhariri, naomba kanafasi kidogo niongelee hizi listi za vitenzi vya Kiingereza wanazokaririshwa wanafunzi, zile za forge ahead, take off, pull ahead, zote pembeni zimeandikwa "kupiga hatua haraka" basi, imeisha hiyo, halafu mtoto akiambiwa atunge sentensi anabaki anatoa macho.

Chukua hiyo forge ahead. Mswahili akiiona tu kichwani inakuja kufoji saini, kufoji cheti, kwa hiyo "he forged ahead" anaelewa jamaa kachakachua! Aliyefungua kamusi naye anakuta forge ni kazi ya mhunzi, anaanza kutafuta nyundo ilipo. Wakati hiki kitenzi kimetoka kwa mabaharia, miaka ya 1600 huko kilitumika kwa chombo kinachosonga mbele, na mpaka leo wanaochimba asili ya maneno wanabishana, wapo wanaosema ni neno force lililopinda midomoni mwa watu na wapo wanaomrudisha mhunzi. Cheti feki hakimo.

Ila asili tuwaachie wasomi, shida ni matumizi. Mkimbiaji alikuwa katikati ya kundi, mzunguko wa mwisho anachomoka anaongoza, huyo ndo ka-forge ahead. Ukiongeza with mambo yanageuka, "they forged ahead with the plan" hapo hakuna aliyechomoka, ni watu walipinga, hela ikasumbua, wenyewe wakakaza tu wakaendelea. Na usiseme ume-forge ahead kampuni yako, haiendi hivyo, kampuni yenyewe ndo ina-forge ahead.

Take off nayo ina visa vyake. Ya kuvua shati unaruhusiwa kulichomeka shati katikati, take your shirt off, lakini ya biashara kushika kasi ghafla hakuna cha kuchomeka. Halafu hiyo inamhusu aliyekuwa chini hata hajulikani, wakati forge ahead mara nyingi kunakuwa na wa kumpita au kitu kinachokuzuia, sasa listi inayoziwekea maana moja inamsaidia nani jamani?

Kwa hiyo Mhariri kama mna mpango wa kuweka kona ya Kiingereza gazetini, wekeni hata vitenzi vitatu tu kwa wiki, kila kimoja na sentensi zake nne tano za maana, hamsini kwa mpigo hatuvitaki.

Msomaji wenu