Bei zisizobadilika ukurasani

Nairobi

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Nimeusoma msimbo wa ukurasa unaomtengenezea yule mama mboga wa Marikiti. Bei hazibadiliki kwa sababu skripti, yaani msimbo wa JavaScript unaopaswa kuzibadilisha, iko ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya faili la HTML: inaanza kazi kabla kivinjari hakijafika kwenye elementi yenyewe, kile kipande cha ukurasa chenye bei. Hapo document.getElementById, inayotafuta elementi kwa id yake, hurudisha null, yaani hakuna kitu, na ukijaribu kuiandikia null, skripti inakatika papo hapo. Kwenye tagi ya skripti ongeza defer, inayoifanya isubiri ukurasa usomwe wote, mradi msimbo uko kwenye faili lake na umeitwa kwa src. Kama msimbo umeandikwa mle mle ukurasani, defer haisaidii, uhamishe mwisho wa body, sehemu yenye yale yanayoonekana ukurasani.

Kisha angalia jina, yaani id uliyoipa elementi. getElementById inataka "bei-sukuma" bila alama ya #, lakini querySelector, njia nyingine ya kutafuta elementi, inaitaka alama hiyo. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti pia.

Kisanduku ambacho mteja anajaza idadi ya mafungu kinasomwa kwa value, yaani kile kilichojazwa, si textContent, ambayo ni maandishi yaliyo ndani ya elementi. Na value daima ni maandishi, hata mtu akiandika namba: 40 na 30 zikijumlishwa zitakupa 4030. Zipitishe kwanza kwenye Number().

Sasa innerHTML, inayoandika HTML ndani ya elementi, nawe umeitumia kila mahali. Hili ndilo linalonitia wasiwasi. Mteja akiandika jina lake nawe ukalimwaga ukurasani kwa innerHTML, kivinjari kitalisoma kama HTML. Tagi ya script ikiingizwa kwa njia hiyo haitekelezwi, kweli, lakini picha yenye onerror, yaani msimbo wa kuendeshwa picha ikishindwa kufunguka, hutekeleza msimbo huo bila kizuizi. Jina, bei, simu, chochote kilichotoka kwa mtu, kiandike kwa textContent. Alama zote zitabaki herufi tu. innerHTML iachie HTML uliyoiandika mwenyewe.

Na pale ulipoongeza mboga mpya kwa innerHTML +=, kivinjari kinafuta vilivyomo vyote na kuvijenga upya. Ndiyo maana vitufe vya "Ondoa" vinaacha kuitikia: addEventListener, inayosikiliza kitufe kikibofywa, ilifungwa kwenye vitufe vya zamani, ambavyo havipo tena ukurasani. Tengeneza li, yaani mstari mmoja wa orodha, kwa createElement, ijaze kwa textContent, kisha iongeze kwa orodha.append(li). Vya awali havitaguswa.

Kabla ya kumpelekea mama, fungua konsoli ya kivinjari, pale pa kujaribia msimbo, kwa F12 uandike document.getElementById("bei-sukuma").textContent. Ikija bei, elementi ipo na jina ni sahihi. Ikilalamika kuhusu null, rudi kwenye jina.

Nisalimie wa nyumbani.

Wako,
Rafiki yako