Turuhusiwe kuwasha upya kompyuta pepe zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakuu wa idara za teknolojia jambo linalotupotezea muda sisi tunaotumia kompyuta pepe kazini, yaani zile ambazo mashine yenyewe imo ndani ya seva na mezani tunaona dirisha lake tu. Juzi dirisha langu liliganda nikiwa katikati ya hesabu. Nikalifunga, nikalifungua tena, nikakuta kishale palepale kilipokwama, kwa kuwa kufunga dirisha hukata mawasiliano tu bila kuizima mashine. Ingekuwa kompyuta ya kawaida, ningebonyeza kitufe. Badala yake nilimwandikia fundi, nikasubiri hadi alasiri.

Mifumo ya kompyuta pepe kama Horizon na Citrix tayari ina uwezo wa kumwachia mtumiaji awashe upya mashine yake mwenyewe. Ni msimamizi anayeamua kuwaruhusu watumiaji au kuwanyima. Hofu kwamba tutapoteza kazi ambayo haijahifadhiwa ni ya kweli, ila fundi naye akiizima mashine kwa nguvu huipoteza vilevile. Onyo lililo wazi kabla ya kubonyeza lingetosha, mradi kila mtu aguse mashine yake pekee, wala si seva inayotumiwa na wengi kwa pamoja.

Karani wa hesabu