Barua kwa shoga yangu: tulivyochagua programu ya miradi

Moshi, Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Habari za Dodoma? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mlima umejifunika tangu Alhamisi, masika yanamwagika, na barabara ya kupanda Kibosho imekuwa tope tupu. Watoto wazima, mama anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema bosi wenu anataka mchague programu ya kusimamia miradi katika kikao kimoja, na kila mtu aje na alama zake mkononi. Ukaniuliza sisi tulichaguaje. Jibu la simu lingekuwa fupi mno, ndiyo maana naandika.

Kwanza nikwambie tulivyokosea. Miaka miwili iliyopita tulichagua kwa dakika kama ishirini. Bosi alitoka semina, akasema ipo programu nzuri, mhandisi akaitikia, sisi wengine tukaitikia. Tukalipia mwaka mzima, kwa dola. Haukupita mwezi wa tatu mafundi wakarudi kwenye madaftari na grupu la WhatsApp, na mimi kila jioni nanakili kutoka daftarini kwenda kwenye laptopu. Kisha likatokea la mabomba. Programu ilionyesha yapo stoo, kumbe yameshatandikwa kijiji kingine. Tenki likachelewa wiki tatu, na wiki hizo tatu kina mama wa kile kijiji waliendelea kupanda na kushuka na ndoo kichwani. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaeleza. Lile jambo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya safari hii nikatae mambo ya haraka haraka.

Safari hii tulianza na programu nyingi, tukachuja hadi tatu. Tukazipa majina ya rangi za kadi tulizobandika ukutani, Buluu, Kijani na Nyekundu, ili mtu asivutwe na jina kubwa. Wapiga kura tulikuwa sita: mhandisi, mhasibu, mtunza stoo, fundi mkuu, afisa jamii na mimi. Bosi nilimfuata ofisini peke yangu, nikamwomba kwa heshima akae pembeni raundi ya kwanza. Alikubali, na namshukuru kwa hilo, maana akishasema yeye hakuna wa kusema tofauti.

Kila mtu akaandika kimyakimya anaipenda ipi kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipozifungua zile karatasi nilidhani nimehesabu vibaya. Mimi na mhandisi tuliandika Buluu, Kijani, Nyekundu. Mhasibu na mtunza stoo, Kijani, Nyekundu, Buluu. Fundi na afisa jamii, Nyekundu, Buluu, Kijani. Sasa pambanisha mbili mbili. Buluu inaishinda Kijani kura nne kwa mbili. Kijani inaishinda Nyekundu nne kwa mbili. Halafu Nyekundu nayo inaishinda Buluu, nne kwa mbili! Duara kamili. Hakuna aliyekosea, kila mmoja ana mpangilio wake safi kabisa, lakini sisi kama kundi hatuna mpangilio. Mfaransa Condorcet aliliandika jambo hili mwaka 1785.

Na hapa ndipo uwe macho, shoga yangu. Kama mwenyekiti angesema tuanze na Buluu dhidi ya Kijani, kisha mshindi akutane na Nyekundu, Nyekundu ingechukua. Angeanza na Kijani dhidi ya Nyekundu, Buluu ingechukua. Kura zilezile, watu walewale, mpangaji wa ratiba ndiye anayeamua bila mtu kujua. Kwa hiyo kwenye kikao chenu usikubali kupiga kura za mtoano kama Ligi ya Mabingwa.

Tukaacha kushindanisha programu, tukashindanisha vigezo. Vilikuwa vinne: gharama, kufanya kazi pasipo mtandao, urahisi wa kujifunza, na usalama wa taarifa pamoja na uwezo wa kuzitoa tukihama. Hicho cha mwisho alikileta afisa jamii. Tunatunza majina na namba za simu za wanakijiji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mimi sikuwa nimeliwaza kabisa.

Vigezo vinne vinatoa jozi sita. Kwa kila jozi unasema kipi kina uzito na kwa mara ngapi, kuanzia 1 hadi 9, kwa njia ya mwanahesabu Thomas Saaty ya miaka ya 1970. Kuna kosa moja ambalo nakuomba usilifanye. Mhasibu alisema gharama ina uzito mara nne ya mtandao. Fundi akasema kinyume chake, yaani kwa kipimo cha mhasibu ni robo. Ukijumlisha nne na robo ukagawa kwa mbili unapata zaidi ya mbili, na gharama inaonekana imeshinda, wakati watu wawili wamevutana kwa nguvu sawa. Sahihi ni kuzidisha: nne mara robo ni moja, na kipeuo cha pili cha moja ni moja. Sare. Fundi angedhulumiwa na kugawa kwa mbili, na asingejua kadhulumiwa wapi.

Baada ya hapo ndipo tukatoa alama kwa kila programu, na hapa ndipo penye neno langu hasa kwako. Nilipomwambia fundi mkuu aipe Kijani alama juu ya kufanya kazi pasipo mtandao, alishika kalamu muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, nitaandikaje saba kwa kitu sijakishika?" Nilitaka kumharakisha, kikao kilikuwa kinachelewa. Nashukuru nilinyamaza.

Tukabadilisha kadi za alama. Badala ya namba moja, kila mtu aandike tatu: ya chini, ya katikati, ya juu. Mhandisi akafurahi, akasema ndivyo njia ya kupanga miradi iitwayo PERT inavyokadiria siku za kazi tangu 1958, ilipoanzia kwenye makombora ya Polaris ya jeshi la majini la Marekani. Watu wa hesabu wameliendeleza zaidi, tangu Lotfi Zadeh alipoandika mwaka 1965 kuhusu seti ambazo mipaka yake haikukatwa kwa kisu, kitu kinaweza kuwamo kidogo, nusu, au karibu chote. Wewe uliyepitia hesabu chuoni utayaelewa kuliko mimi. Mimi nilihitaji kitu kimoja tu, kwamba "sijui" iwe na mahali pa kuandikwa.

Fundi akaandika 2, 5, 9. Mhandisi akaandika 6, 7, 8. Ukichukua wastani wa fundi ni tano na ushei, wa mhandisi ni saba, utadhani wanapishana kidogo. Lakini tazama upana! Fundi alikuwa anatuambia hajui, na yeye ndiye atakayekuwa huko juu na simu mkononi mvua inanyesha. Mhandisi alikuwa na uhakika, na uhakika wake ulitoka kwenye video ya mauzo aliyoiangalia mezani.

Basi badala ya kubishana tukaorodhesha kadi zote zenye upana mkubwa, tukaulizana kwa kila moja: hii inaweza kupungua tukijaribu? Zile zinazoweza, tukazijaribu. Fundi alikaa wiki moja na programu zote tatu kwenye saiti iliyo mlimani, penye mabonde ambako mtandao unakuja na kuondoka. Buluu ilihifadhi kila alichoandika, na aliposhuka barabarani ikapeleka yenyewe. Nyekundu ilifanya hivyo pia, ila mtunza stoo alishindwa kutoa orodha nzima ya vifaa. Kijani ilipoteza picha, na mara mbili ikaandika bomba lilelile mara mbili. Fundi akarudi, kadi ya Kijani akaandika 2, 3, 3. Mhandisi alikuwa ameongozana naye siku mbili, naye akaandika 2, 3, 4. Hakuna aliyemshawishi mwenzake kwa maneno.

Mhasibu naye alikuwa na kadi pana kwenye gharama, na ilikuwa haki yake: bei ni kwa kila mtumiaji kwa mwezi, kwa dola, na nani atakuambia shilingi itakuwa wapi mwakani? Hiyo haijaribiki. Tulichoweza ni kupunguza maumivu, tukaamua kulipia mwezi kwa mwezi kwanza, ingawa kulipia mwaka kuna punguzo.

Ila upana ni jambo moja na mvutano ni jingine. Mhasibu na fundi walibaki wanavutana juu ya gharama na mtandao hata baada ya majaribio, kwa sababu hapo hakuna asiyejua kitu. Mmoja anatetea bajeti, mwingine anatetea kazi ya saiti. Hilo hakuna hesabu italimaliza. Tuliliacha wazi mbele ya bosi, kila mmoja akasema lake, na bosi akaamua: Buluu. Mhasibu aliomba pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari, nikaliandika kwa maneno yake mwenyewe, naye akaweka saini.

Kazi nzima ilituchukua wiki tano. Bosi wenu ataona ni nyingi. Mwambie akupe mbili, moja ya kadi, moja ya kujaribu, na kikao chake kibaki cha kuamua. Nadhani utampata ukimwonyesha mlicholipia mara ya mwisho na hamkukitumia.

Sasa ni mwezi wa nne tuko na Buluu. Jana fundi mkuu alinitumia taarifa ya viungio vilivyobaki akiwa bado kijijini, na ilipolingana na stoo nilikaa nikaiangalia tu.

Kadi zetu nimezipiga picha, nitakutumia usiku bando likiingia. Zichape kwa herufi kubwa, na yule kaka yenu wa visima apewe yake kwanza, kabla ya wakubwa. Nipigie Jumatano mkimaliza. Nataka kusikia ni nani aliandika pana, na kwenye nini.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, wako wa chumba kimoja