Harambee ya Mkono wa Mama Fundi: Tumpeleke Akatibiwe Kabla Msuli Haujafa

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wapendwa wa kigango chetu hapa Mpunguzi, jumuiya zote, WAWATA (akina mama Wakatoliki), wanakwaya, vijana, pamoja na majirani zetu wa kila dini: Halmashauri ya Walei inawaalika kwenye harambee Jumapili ya mwisho ya mwezi Juni, mara baada ya Misa, hapo hapo uwanjani. Tunachanga fedha za upasuaji wa mkono wa kulia wa Mama Fundi. Zinahitajika shilingi 2,850,000. Mpaka tunaandika wito huu zimepatikana 1,120,000.

Mama Fundi hana haja ya kutambulishwa kwenu. Joho za kwaya, magauni ya Komunyo ya Kwanza, kaptula na sketi za watoto wetu wa shule ya msingi, vyote vimepita kwenye cherehani yake ya kukanyaga, pale barazani kwake jirani na barabara ya Iringa. Kila Januari shule zinapofunguliwa wapo watoto wanaovaa sare ambayo mzazi bado hajamaliza kuilipia, naye hajawahi kumrudisha mtoto nyumbani mikono mitupu. Tangu Pasaka cherehani hiyo imefunikwa kanga.

Tulimsindikiza kliniki, na ruhusa ya kuwaeleza tuliyoyaona ametupa mwenyewe. Daktari alimpa kipande cha karatasi akishike kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha akakivuta taratibu. Karatasi ilichomoka, na gumba lilikuwa limejikunja kwenye kiungo cha ncha likihangaika kuizuia. Alipojaribu kwa mkono wa kushoto, karatasi ilikatika kabla haijatoka. Nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada imebonyea. Kidole cha mwisho na cha pete vimeanza kukunjamana na havinyooki vizuri. Kitambaa kinamponyoka chini ya sindano, mkasi unamtoka mkononi, na asubuhi binti yake ndiye anayemfunga vifungo vya gauni.

Ugonjwa wenyewe hauko kwenye vidole. Uko kwenye kiwiko. Kila mmoja wetu amewahi kujigonga kiwiko kwenye ukingo wa meza akasikia umeme ukishuka mpaka kidole cha mwisho. Kilichogongwa pale si mfupa, ni mshipa wa fahamu, ambao madaktari wanauita neva ya ulna. Unatoka shingoni, unapita kwapani, unashuka na mkono, na kwenye kiwiko unazunguka nyuma ya lile gumu la upande wa ndani, ndani ya njia nyembamba iliyofunikwa na utepe wa nyama ngumu. Hapo uko karibu kabisa na ngozi. Ukikunja kiwiko, njia ile inabana na mshipa unavutika. Mshipa huo ndio unaokipa hisia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, na ndio unaoiendesha misuli mingi midogo ya kiganja, ile ya kubana, kutanua vidole na kushika kitu kwa nguvu. Ukibanwa kiwikoni, madhara yanaonekana huko chini, kiganjani na kwenye vidole hivyo viwili, wakati kiwiko chenyewe huenda kisiume hata kidogo. Ndiyo maana Mama Fundi alihangaika na dawa za kuchua vidole kwa muda mrefu bila nafuu.

Kwa nini ubanwe? Kuna kazi yenyewe: miaka mingi ya kukaa na kiwiko kimekunjwa, kimeegemea ubao wa cherehani. Ila daktari alipomwambia anyooshe mikono yote miwili aliona jambo jingine, kwamba mkono wa kulia umepinda kwenda nje kuliko wa kushoto. Ndipo mama yake mzazi akakumbuka kwamba binti akiwa mdogo alianguka kutoka juu ya punda wakirudi kuteka maji, akavunjika kiwiko, akafungwa vijiti na mzee wa kijiji. Mfupa uliunga, ila uliunga vibaya. Mtoto mwenye mkono wa namna hiyo anaweza kukua, akalima, akaolewa, akazaa, na mshipa ukaendelea kuvutwa kidogo kidogo kila anapokunja mkono, hadi miaka mingi baadaye dalili zinapoanza. Madaktari wanalijua tatizo hili kwa muda mrefu.

Sasa kuna jambo ambalo lazima tulizungumze wazi, kwa sababu limemuumiza mama huyu kuliko ganzi. Vidole vilipoanza kujikunja, maneno yalizagaa mtaani. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni ukoma, na wapo walioacha kumpa mkono wakati wa kutakiana amani. Ni kweli kwamba ukoma nao huushambulia mshipa huu huu hapa hapa kwenye kiwiko, na kwa sababu hiyo daktari aliutafuta kabla ya kusema lolote: alikagua ngozi mwili mzima na kupapasa mishipa mingine. Hana ukoma. Na hata angekuwa nao, ukoma ni ugonjwa unaotibika, dawa zake hutolewa bure nchini, na mtu akishaanza kuzimeza haambukizi wengine. Hakuna sababu yoyote ya kumnyima Mkristo mwenzako mkono. Tunawaomba wenye nyumba walizungumze hili na watoto wao.

Matibabu ya awali amekwisha kuyafanya. Alikatazwa kuegemea kiwiko, akaweka godoro dogo juu ya ubao wa cherehani. Alielekezwa kulala mkono umeviringishiwa taulo ili kiwiko kisijikunje usiku, kwa maana wengi wetu hulala tumekunja mikono na ganzi huzidi alfajiri. Kwa mwenye ganzi tu, hatua hizo mara nyingi zinatosha. Zilimsaidia kwa miezi kadhaa. Lakini tangu Kwaresma ya mwaka huu nyama ya kiganja imeanza kupungua, na msuli ukishaanza kunyauka kwa kukosa mshipa, taulo haliwezi tena. Amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Upasuaji wenyewe si wa kutisha. Daktari anapasua ngozi nyuma ya kiwiko upande wa ndani, anaukata ule utepe unaobana, anaufungua mshipa. Kwa kuwa mfupa wa Mama Fundi umepinda, kuufungua peke yake huenda kusitoshe, hivyo mpango ni kuuhamisha mshipa uje mbele ya ule mfupa, ulale chini ya ngozi na mafuta mahali ambapo kukunja mkono hakutauvuta tena. Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi, kisha ni mazoezi ya viungo, na kazi nzito husubiri wiki kadhaa.

Kinachotukimbiza ni muda. Mshipa ulioumia huota upya kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Pima kwa rula ya fundi kutoka kiwikoni hadi kwenye misuli ya kiganja, utapata sentimita 25 au 30. Maana yake hata akipasuliwa kesho, misuli ile inaweza kusubiri karibu mwaka mzima ndipo ifikiwe. Na msuli uliokatiwa mshipa hausubiri milele: ukipita mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, mara nyingi haurudi tena. Kwa hiyo kila mwezi tunaokaa tukisema “tutaona baada ya mavuno ya pili ya zabibu” ni mwezi unaokatwa kwenye mkono wake.

Hatuwaahidi kwamba mkono utarudi kama ulivyokuwa. Daktari hakutuahidi hilo, nasi hatutachangisha fedha kwa ahadi ya uongo. Lengo la kwanza ni kuzuia uharibifu usiendelee. Ganzi ndiyo kwa kawaida hutangulia kupungua, nguvu hurudi polepole, na nyama iliyokwisha kupotea huenda isirudi yote. Lakini mkono unaoweza kushika kitambaa na mkono usioweza ni maisha mawili tofauti kwa mama huyu na watoto wake wanne.

Familia yake haikukaa ikasubiri kanisa. Mume wake ameuza mbuzi na fedha yote ya zabibu za msimu wa Machi imekwenda kwenye vipimo na nauli. Wana kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, na imewasaidia sana kwenye zahanati na hospitali ya mkoa. Haivuki hapo kwenda Muhimbili. WAWATA wa jumuiya yake walianza kuchanga kimya kimya tangu Aprili, na wazee wa msikiti jirani walituma mchango wao kabla hata sisi hatujaandika barua. Tunawashukuru kwa moyo wote.

Kamati imekadiria hivi: upasuaji na kulazwa shilingi 1,600,000, kipimo cha umeme wa mishipa pamoja na dawa 350,000, nauli, malazi na chakula cha mgonjwa na anayemuuguza 400,000, mazoezi ya viungo na marudio ya kliniki 300,000. Shilingi 200,000 zilizobaki ni za chakula nyumbani kwa muda ambao hatashika kazi, na tunaomba fungu hilo lisionekane dogo. Mgonjwa akiwaza unga wa watoto, ataipanda cherehani kabla kidonda hakijapona. Bado tunatafuta 1,730,000.

Tumeichagua Juni kwa sababu uwele na mtama umekwisha kuingia ndani. Asiye na fedha alete debe, alete kuku, karanga, asali, mlenda mkavu. Vitapigwa mnada papo hapo, na vijana watabeba mizigo ya wanunuzi hadi barabarani. Kadi za ahadi wanazo wenyeviti wa jumuiya. Ndugu zetu mlioko Dodoma mjini, Dar es Salaam na kwingineko, namba ya kuchangia ni ya mhazini wa kigango peke yake na imebandikwa kwenye ubao wa matangazo kanisani. Ukitumiwa namba nyingine yoyote kwenye simu, usitume kitu. Mpigie kwanza mwenyekiti wa jumuiya yako. Kila shilingi itaandikiwa stakabadhi, na hesabu yote itasomwa kanisani Jumapili inayofuata.

Siku hiyo, kabla ya mnada, muuguzi wa zahanati atazungumza nasi kwa muda mfupi. Tunajua si Mama Fundi peke yake. Wapo madereva wanaoegemeza kiwiko dirishani kutwa nzima, wapo wapogoaji wa mizabibu wanaoamka vidole vimekufa ganzi na kujinyamazia, na wapo wenye kisukari ambao mishipa yao huumia kirahisi zaidi. Kama ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete haikuachii, au unaona nyama ya kiganja inabonyea, mwone muuguzi siku hiyo. Usingoje vidole vijikunje.

Miadi ya Muhimbili ni wiki ya pili ya Julai. Mama Fundi na dada yake watapanda treni ya SGR kutoka Dodoma siku moja kabla, hivyo tunahitaji fedha ziwe zimekamilika kufikia Ijumaa ya kwanza ya Julai. Mwenye ahadi aikamilishe kabla ya hapo. Kikizidi chochote, kitabaki kwenye akaunti ya kigango kwa ajili ya safari zake za kurudi kliniki, na halmashauri haitakigusa kwa shughuli nyingine bila kuwauliza ninyi mliochanga.

Halmashauri ya Walei, kwa niaba ya kigango